Fundi Asiyeshona Uongo

Kabla hajapitisha uzi kwenye shuka la bibi harusi yeyote, Fundi alimkalisha kwenye kigoda na kumhoji kama polisi. Nakumbuka msichana mmoja wa sokoni Koboko, mwenye kucha nyekundu na simu mbili, aliyekuja na maneno yake tayari kwenye karatasi. Alitaka yashonwe kwa uzi wa rangi ya waridi: *I cannot live without you.*

"Mwalimu," Fundi aliniita kutoka barazani kwake, "kuja. Hii iko nasema nini?"

Nikamweleza kwamba bibi harusi anasema hawezi kuishi bila huyo bwana.

Fundi alimgeukia. "Mwaka jana yeye alikuwa wapi?"

"Juba, Mama. Alikuwa na kazi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Ulikuwa nakula?"

"Nilikuwa nakula, Mama."

"Basi wewe hapana kufa. Mimi hapana shona uongo kwa kitanda ya mutu. Leta neno ingine."

Msichana alilia kidogo, akanuna, kisha akaondoka na *I am fond of you*, maneno ambayo nilimwambia yanamaanisha nakupenda kwa utulivu, moyo wangu umekuzoea vizuri. Miaka miwili baadaye alirudi na mtoto mgongoni, akataka shuka la pili la namna ile ile, kwa sababu la kwanza lilikuwa limechakaa kwa kufuliwa.

Lazima nieleze kazi yenyewe. Kwetu, hasa kule Koboko karibu na mpaka wa kwenda Juba, bibi harusi haendi kwa mumewe mikono mitupu. Anakwenda na milaya, yaani mashuka meupe yaliyotariziwa maua, ndege na maneno. Tafadhali litamke neno hilo kwa uangalifu, maana nilipofika mara ya kwanza nililikosea mbele ya shehe mmoja na nusura nitafute ardhi inimeze. Maneno ya kwenye milaya huwa ya Kiingereza, na huwa ya mapenzi. Shuka hutandikwa siku ya wageni, wageni husoma, wasiojua kusoma husomewa, na bwana harusi huangalia pembeni kana kwamba hayamhusu.

Mimi ni mwanamke wa Kilugbara kutoka Pajulu, upande wa Arua. Serikali ilinipeleka Koboko kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi, nikapanga chumba kimoja katika boma la Fundi, nikakaa miaka sita. Yeye alikuwa Mkakwa, mjane wa mwanajeshi, na lugha yangu ya Kilugbara hakuitaka hata kwa salamu. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kile alichokiokota kambini alipokuwa akimfuata mumewe kutoka kituo hadi kituo. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha vitabu. Alikicheka. Alisema mimi nazungumza kama redio.

Kiingereza hakukijua hata kidogo. Herufi kwake zilikuwa michoro, kama vile jani au mkia wa ndege, na alizishona kwa usahihi ambao wanafunzi wangu wa darasa la saba hawakuufikia kwa kalamu. Maneno aliyaokota popote: kwenye kadi za Krismasi za majirani Wakristo, kwenye fulana za mitumba, kwenye makasha ya sabuni. Aliyakata au kuyanakili na kuyaweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mimi nilipohamia pale, alinipokea si kama mpangaji bali kama kamusi. Wiki ya kwanza aliniwekea kopo lile mbele yangu na chai, akaniambia nimpangie.

"Hii yote iko na maana ya kupenda. Mimi nataka kujua gani iko kubwa, gani iko ndogo."

Basi tukapanga. Chini kabisa tuliweka *I like you*, ambayo alisema inafaa kwa mtu aliyekusaidia kusukuma baiskeli. Juu yake *I am keen on you*, ya mtu ambaye bado unamfukuzia. *I am mad about you* aliipenda nilipomwambia ni kupenda mpaka akili ihame, lakini alisema hiyo awekewe kijana mwenye miaka chini ya ishirini na tano tu, tena kwa idhini ya mama yake. *I love you* aliikunja na kuirudisha ndani ya kopo. "Hii kila mutu nasema. Hata redio nasema. Imekwisha sukari."

Nilimuuliza siku moja kwa nini watu wasishone Kikakwa, au hata Kiswahili, ili kila mtu aelewe. Aliniangalia kana kwamba nimependekeza watu watembee uchi.

"Kwa Kikakwa mama mukwe nasikia," alisema. "Na Kiswahili? Kiswahili ilikuja na askari. Simama! Leta! Toka! Wewe nataka mwanamume asikie hiyo kwa kitanda?"

Mimi, mwalimu wa Kiingereza, nilikuwa nimefundisha miaka mingi kwamba lugha hiyo ni ya mitihani na ya kutafutia kazi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuihitaji kama pazia, ili aseme jambo la kweli bila kuonekana uso.

Alikosea, bila shaka. Kosa lake kubwa lilitokea kabla sijafika na lilikuwa bado linatembea mjini. Zamani, kila barua ambayo mumewe aliandikiwa na ofisi za jeshi ilimalizika kwa maneno yale yale, na baada ya mume kufa barua za serikali kuhusu mambo yake ziliendelea kumalizika hivyo hivyo. Fundi akaona kwamba watu wakubwa, hata wakiwa na hasira kiasi gani juu ya karatasi, mwishoni hupoa na kuandika jambo moja. Akaamua kuwa hilo ndilo neno la upendo la wakubwa. Akalishona kwa uzi wa bluu kwenye milaya ya binti wa mwenye duka: *Yours faithfully.*

Bwana harusi alikuwa karani. Aliangua kicheko mbele ya wageni mpaka akashika ukuta. Fundi alisikia habari hiyo na hakulala vizuri, nafikiri, maana miaka mingi baadaye bado alinivizia kwa swali hilo.

"Mwalimu, niambie kwa kweli. Ile maneno nasema nini, neno kwa neno?"

"Inasema: wako, kwa uaminifu."

"Wako."

"Ndiyo."

"Kwa uaminifu."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa kosa iko wapi?"

Watu wa Koboko nao hawakuliona kosa hilo, kwa sababu baada ya kicheko kile mabibi harusi wengine waliitaka hiyo hiyo. Nimeingia nyumba nyingi huko, nyumba za watu wenye adabu zao, na kukuta *Yours faithfully* imetandikwa kitandani kati ya tausi wawili.

Sasa msidhani kwamba mwanamke aliyeshughulika na maneno matamu mchana kutwa alikuwa na ulimi mtamu. Shubiri ilikuwa na nafuu. Sikumsikia hata mara moja akimwambia mtu neno jema kwa lugha ambayo mtu huyo anaielewa. Nilipougua malaria, alikaa nami siku tatu, akininywesha uji wa mtama kwa kijiko, na maneno yake yalikuwa: "Kunywa. Mimi hapana taka maiti ya Mlugbara kwa nyumba yangu." Mtoto akimletea maji kutoka bombani alimwambia, "Leo hukumwaga sana." Watoto walizielewa sifa hizo na wakagombania kumletea.

Lakini ulimi wake mkali kuliko wote aliuweka akiba kwa mtu mmoja, yule aliyemwita Mdogo.

Mdogo alikuwa mke mwenzake. Mume alimwoa Fundi kwanza, kisha akiwa kwenye kituo kingine cha kazi akaoa wa pili, akamleta nyumbani bila hata kutuma salamu mbele. Fundi alikuwa akipepeta ufuta walipoingia. Anasema hakumwaga hata punje moja, na nadhani hilo ndilo jambo alilojivunia zaidi maishani. Mume alikufa, watoto wakatawanyika, na wale wanawake wawili wakabaki na boma moja, nyumba mbili, jiko moja na kuku ambao hakuna aliyekubali kuwagawa.

Waligombana kwa miaka zaidi ya thelathini. Waligombana juu ya chumvi, juu ya kuni, juu ya nani alimlilia mume vizuri zaidi. Wakikasirika sana hawakusemeshana moja kwa moja bali walimtumia kuku. "Kuku," Fundi alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ua, "ambia ile mutu iko naacha sufuria chafu, panya iko naoa sasa kwa jiko." Na Mdogo, kutoka upande wake: "Kuku, sema kwa Mkubwa, panya sasa anatafuta mke mkubwa, mdogo ameshampata." Walikuwa wakizungumza Kiswahili ili mimi nisikose kitu, naamini hivyo kabisa. Jioni walikula sahani moja.

Na hapa kuna jambo ambalo nilichukua mwaka mzima kuliona. Hakuna milaya iliyotoka katika boma lile bila kupita kwa Mdogo. Yeye ndiye aliyepika uwanga wa muhogo, akatia shuka ndani yake, akalipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe na maua yakatokeza kama yamechipuka. Fundi alishona, Mdogo alinyoosha. Fundi hakumshukuru kamwe. Alilishika shuka, akalichungulia kwenye mwanga, akasema, "Hujaunguza." Mdogo akajibu, "Bado." Na hivyo ndivyo riziki yao ilivyopatikana.

Kisha magoti ya Mdogo yakaanza kukataa. Mwanawe, fundi wa ujenzi aliyejijengea nyumba Onduparaka kule Arua, akaja kusema kwamba mama yake hawezi tena kuinama jikoni na kuchota maji. Angehamia kwake mwisho wa mwezi. Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Fundi alimsikiliza, akampa kuku mmoja, akaingia ndani.

Jioni ile alinijia chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu na kulitazama daftari la wanafunzi kwa muda mrefu.

"Mwalimu. Iko na neno ya mutu wewe ulichukia?"

"Neno la chuki, Mama?"

"Hapana. Wewe nasikiliza namna gani? Mutu wewe ulichukia kabisa. Siku ya kwanza ulitaka afe. Kisha unaamuka, unaamuka, kila siku yeye iko tu. Sasa wanasema yeye anaenda, na wewe..." Akapapasa shuka langu. "Hiyo. Wazungu iko na neno ya hiyo?"

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi na hakuna siku nyingine ambapo nilifurahi kukijua kama siku ile. Nilichukua chaki nikaandika nyuma ya mlango wangu: *I have grown fond of you.* Nikamweleza kwamba maana yake ni kwamba upendo huu haukuwapo mwanzoni. Umeota taratibu kama muhogo, chini kwa chini, mpaka siku unapokuja kuuchimba ndipo unaona ukubwa wake.

Aliyatazama maandishi yale mdomo wazi.

"Na wao iko na wake wenza?"

"Hapana, Mama."

"Basi nani alifundisha wao?"

Alishona wiki tatu, mlango umefungwa. Macho yake yalikuwa yameanza kumchezea, hivyo alifanya kazi mchana tu, karibu na dirisha. Hakuna aliyewahi kushonea mke mwenza milaya. Shuka lile ni la mume. Kumpa mke mwenza ni jambo ambalo Koboko wangelicheka mwaka mzima. Na tatizo jingine: lingetoka vipi bila kupigwa pasi, na mpigaji ni yule yule? Fundi aliamua liende hivyo hivyo na makunyanzi yake. Kwake hiyo ilikuwa kama kutoka nje bila kilemba.

Siku ya kuondoka, Mdogo alipokwisha kupandishwa kwenye gari la mwanawe, Fundi alimtupia mapajani kaveera, mfuko mweusi wa plastiki.

"Kitambaa ya kufunika muhogo," alisema.

"Muhogo gani?" Mdogo akauliza.

"Ya huko Arua." Akageuka akaenda kufukuza kuku ambao hawakuwa wamekosa lolote.

Miezi michache baadaye nami nikahamishiwa Arua. Fundi na Mdogo walikuwa na simu, na kila Ijumaa walipigiana. Niliwahi kuyasikia mazungumzo hayo nikiwa bado Koboko. "Kuku?" Mdogo aliuliza. "Iko." "Goti?" Fundi naye aliuliza. "Iko." "Haya." Kuhusu shuka, kimya. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, kimya. Fundi hakuuliza, na Mdogo hakusema.

Kimya hicho kilimla. Alikuwa amesema neno moja maishani mwake, moja tu, na hakujua kama limefika. Alinipigia simu nikiwa nimehamia, akaanza na mvua, akaenda kwenye bei ya uzi, akazunguka weee, kisha akafika.

"Labda huko hakuna mutu ya kusoma."

"Mama, ni Onduparaka. Kumejaa watu waliosoma."

"Basi labda amefunikia muhogo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe enda. Usiulize kitu. Angalia tu."

Nilikwenda Jumamosi moja, siku ambayo timu ya mtaa ilikuwa inacheza, kwa hiyo Onduparaka nzima ilikuwa uwanjani na kelele zilikuwa zikipanda na kushuka nyuma ya nyumba. Mdogo alikuwa ameketi ukumbini, magoti yamefungwa vitambaa, amenenepa kidogo. Alifurahi kuniona. Aliuliza habari za kuku mmoja mmoja. Habari za Fundi hakuuliza. Nilikunywa chai yangu polepole huku nikichungulia vitanda kupitia milango iliyo wazi, nisione kitu, na moyo wangu ukaanza kuwa mzito kwa ajili ya yule aliyenituma.

Nilipotaka kuaga, Mdogo alinyoosha mkono chini ya mto wa kiti chake akatoa shuka. Lilikuwa limetiwa uwanga na kupigwa pasi mpaka linang'aa. Akalifungua mapajani.

"Mkubwa alinipa hii," alisema, akitazama dirishani. "Mimi sijui Kiingereza. Inasema nini?"

Nikasoma. Kisha nikatafsiri, kwa Kiswahili changu cha redio, nikamweleza na habari ya muhogo unaoota chini kwa chini. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza alipitisha kidole juu ya herufi.

"Hapa uzi umepinda," alisema. "Macho yake yanakwisha." Akalikunja, akalirudisha chini ya mto, akaniambia nikifika Koboko nimsalimie shehe na majirani.

Hilo ndilo lililokuwa jibu. Nilitoka nje nimekasirika, nikisema moyoni kwamba watu wawili hawa wanastahiliana. Mkwe wake, mke wa yule mwana mjenzi, alinisindikiza hadi langoni, na njiani akacheka.

"Na wewe amekusomesha lile shuka?"

"Amenisomesha."

"Pole, dada. Hakuna mgeni anayepona. Katekista amesoma. Muuza dawa amesoma. Mwanafunzi wa chuo aliyekuja kumwona mume wangu kuhusu matofali, amesoma. Mimi mwenyewe nimesoma, sijui mara ngapi. Wote anawaambia hajui linasema nini. Ukikosea tafsiri anakukata jicho." Akafungua lango. "Na pasi analipiga mwenyewe kila Alhamisi, ameketi kwenye kiti, hataki mkono wa mtu."

Sikumpigia Fundi simu. Jambo hili halikuwa la simu. Nilisubiri likizo, nikaenda Koboko.

Nilimkuta mlangoni kwake, amefungua kitambaa cheupe lakini hashoni, kiganja kimelala juu yake. Alikuwa amekonda. Alinitambua kwa mwendo kabla hajanitambua kwa sura. Nilimpenda sana mwanamke yule, na nilipoona jinsi alivyouinua uso wake kunitafuta, ilinibidi nijifanye natafuta kigoda.

"Umenona," alisema. "Arua iko na chakula." Kisha, kabla sijakaa: "Yeye alisema nini?"

"Alisema uzi umepinda mahali."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. "Imepinda. Mimi najua. Kwa herufi ya mwisho." Akangoja. "Basi?"

"Kwangu alisema hivyo tu, Mama."

Akaanza kukikunja kile kitambaa, pembe juu ya pembe. Nikamshika mkono. Nikamwambia habari ya katekista, ya muuza dawa, ya mwanafunzi wa chuo na ya mkwe. Kwamba kila anayepita na elimu yake huwekwa kitini na kusomeshwa. Kwamba Mdogo huwaambia wote hajui linasema nini. Kwamba shuka hulala chini ya mto anaoukalia na hupigwa pasi kila Alhamisi na yeye mwenyewe, na magoti yake yale yale.

Kuku mmoja alipanda kizingitini na Fundi hakumfukuza.

"Na wewe ulisoma kwa yeye namna gani?" aliuliza mwishowe. "Haraka haraka, kama watoto ya shule?"

"Hapana. Polepole."

"Kabisa?"

"Kabisa, Mama. Neno moja moja."

Alifuta macho kwa ncha ya kilemba, akasema moshi wa jirani umezidi. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza maji, kwamba yeye aliyaona yale maneno kwa chaki na kwa uzi, lakini kuyasikia yakisomwa namna ile hajawahi, nami nisome sasa. Nikasoma. Akasema nirudie. Nilisoma mara tatu, polepole, kabla hajaniruhusu niende kuweka maji ya chai.